Jinsi mwanafunzi anavyogeuka kuwa daktari

Katika wodi za hospitali za rufaa nchini Tanzania si ajabu kumsikia mzee wa miaka 70 akimwamkia kijana wa miaka 23 "shikamoo". Kijana huyo bado ni mwanafunzi. Hajaapa, hajasajiliwa, na dawa yoyote atakayoipendekeza haitolewi mpaka mkubwa wake aidhinishe. Lakini amevaa koti jeupe, na mgonjwa aliyelala kitandani hana haja ya kuuliza zaidi. Kwake yeye, huyo ni daktari.

Akiitikia "marahaba", kijana atakuwa amepokea heshima ambayo mtaani kwao asingethubutu kuipokea. Akimrudishia mzee shikamoo yake, atakuwa amejivua cheo ambacho mgonjwa anakihitaji ili apate matumaini. Tukio lenyewe huchukua sekunde chache tu, lakini ndani yake mna swali ambalo wasomi wa elimu ya tiba wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 60: ni lini, na kwa njia gani, mwanafunzi huacha kujifanya daktari akawa daktari kweli?

Wasomi hao huliita jambo hili kujengeka kwa utambulisho wa kitaaluma. Kwa maneno mepesi, ni mabadiliko katika namna mtu anavyojiona na anavyoonwa na wengine, hata udaktari ukawa si kazi anayoifanya tu bali sehemu ya nafsi yake. Elimu ya vitabuni ni sharti la lazima, lakini haitoshi. Mtu aweza kuzikariri dalili zote za malaria kali na bado akababaika mbele ya mama anayelia huku mtoto wake akitetemeka mikononi mwake.

Safari yenyewe ni ndefu. Nchini Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi chini ya usimamizi wa madaktari waliosajiliwa. Nchini Uingereza mhitimu hupitia miaka 2 ya mafunzo ya msingi hospitalini kabla ya kuanza ubingwa. Nchini Marekani mtu huingia chuo cha tiba baada ya kumaliza shahada nyingine, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 katika mafunzo ya ubingwa. Kwa muda wote huo kijana angebadilika hata kama angesomea uhasibu. Kinachowashughulisha watafiti ni yale mabadiliko yanayotokana na tiba yenyewe.

Wavulana wa Kansas

Miongoni mwa tafiti kubwa za mwanzo kuhusu suala hili ni ule uliochapishwa mwaka 1957 na mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton, akishirikiana na George Reader na Patricia Kendall. Waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vya Cornell, Pennsylvania na Western Reserve. Kwa maoni yao chuo cha tiba kina kazi mbili: kumpa mwanafunzi maarifa na ustadi, na kumpa utambulisho utakaomfanya afikiri, atende na ahisi kama daktari. Machoni pao mwanafunzi alikuwa daktari mchanga, akuaye hatua kwa hatua hadi awe mwenzi wa walimu wake.

Mwaka 1961 Howard Becker, Blanche Geer, Everett Hughes na Anselm Strauss walikuja na picha tofauti. Wao walikaa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas darasani, wodini na hata wakati wa mapumziko. Kitabu chao kiliitwa Boys in White, yaani wavulana waliovaa meupe, jina linalofichua kwamba wanawake walikuwa wachache mno katika madarasa ya wakati ule.

Waliyemkuta Kansas hakuwa daktari mchanga. Alikuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mjanja. Alifika na nia ya kuwatumikia wanadamu na kujifunza kila kitu. Haukupita muda mrefu akatambua kwamba kila kitu hakijifunziki, akaanza kuyatafuta yale tu ambayo walimu watayauliza. Alipoingia wodini, alimthamini mgonjwa kwa kadiri ugonjwa wake ulivyokuwa na funzo. Mgonjwa mwenye malalamiko mengi yasiyo na ugonjwa wa kuonekana alibandikwa jina la dharau, kwa kuwa alimpotezea mwanafunzi muda.

Je, ile nia njema ilikuwa imekufa? Becker na Geer walijibu kwamba la, ilikuwa imewekwa kando tu. Wakati wa kuhitimu ulipokaribia ilirudi, safari hii ikiwa na sura ya mtu anayejua ni kazi gani hasa iliyo mbele yake.

Si wote wenye matumaini kama hayo. Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake wa chuo cha Jefferson mjini Philadelphia waliripoti kwamba huruma ya wanafunzi, kama walivyoipima kwa dodoso, ilishuka katika mwaka wa 3, mwaka ule hasa ambao wanafunzi huanza kukaa na wagonjwa. Wakosoaji wamesema kwamba dodoso hupima jinsi mtu anavyojieleza, si jinsi anavyomtendea mgonjwa, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo haiondoi kero yote. Ingekuwa ajabu kubwa ikiwa kukutana na mgonjwa ndiko kunakomfundisha mtu kutomjali.

Maiti ya kwanza

Kabla ya kumgusa mgonjwa, wanafunzi wengi huanza na mtu aliyekufa. Chumba cha anatomia, pamoja na harufu yake ya dawa inayoganda kwenye nguo hadi bwenini, ndicho kizingiti cha kwanza ambacho watu wengine hawakivuki. Kwa kijana aliyelelewa katika jamii ambamo maiti huoshwa na watu maalumu, husitiriwa kwa sanda na kuzikwa upesi, kuushika mwili huo kwa kisu ni jambo zito kuliko mtihani wowote aliowahi kuufanya.

Mwaka 1988 mwanasosholojia Frederic Hafferty alichapisha uchambuzi wa hadithi za mzaha ambazo wanafunzi wa Marekani hupokezana kuhusu chumba hicho. Katika hadithi hizo yupo mtu anayeshtuka, na wapo wanaomcheka. Funzo lake halitamkwi, lakini kila anayesikiliza hulielewa: daktari hashtuki. Ndiyo maana mwanafunzi anayetoka nje kutapika hurudi akiwa na visingizio, na anayetokwa na machozi husema ni ile dawa.

Miaka ya nyuma, mwaka 1963, Renée Fox na Harold Lief walikuwa wameeleza lengo la malezi hayo kuwa ni kujali bila kuzama. Daktari anayezama katika uchungu wa kila mgonjwa hawezi kushika kisu cha upasuaji bila mkono kutetemeka. Asiyejali kabisa atakishika vyema, lakini hatasikia mgonjwa anapomwambia kwamba maumivu yamehamia upande wa pili. Fox na Lief walikusudia mizani yenye pande mbili. Katika vyuo vingi upande wa kujitenga hufundishwa kila siku, kwa mzaha, kwa karipio na kwa mfano. Upande wa kujali huachwa ujifundishe wenyewe.

Mtaala usioandikwa

Huyo huyo Hafferty, akiwa na Ronald Franks, aliandika mwaka 1994 kwamba mafunzo ya maadili hayawezi kueleweka bila ya kuutazama mtaala uliofichika. Mhadhiri husimama saa moja akisisitiza kwamba mgonjwa aitwe kwa jina lake. Kesho yake daktari bingwa anapita wodini na kundi la wanafunzi, anauliza habari za "lile ini la kitanda namba 12", na hakuna anayemsahihisha. Mwanafunzi si mjinga. Anajua nani anayetoa alama na nani anayeogopwa, na kati ya masomo hayo mawili anajua lipi ni la kweli.

Mfano ulio wazi zaidi ulitoka Marekani. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa uchunguzi wa njia ya uzazi kwa kuwapima wanawake waliokuwa wamelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji, mara nyingi bila ya wanawake hao kuombwa ruhusa mahususi. Mwaka 2003 Peter Ubel na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa vyuo vya Philadelphia kama ruhusa hiyo ni jambo la maana. Waliokuwa wamekwisha kupita katika wodi ya magonjwa ya wanawake waliiona ruhusa kuwa na umuhimu mdogo kuliko wale ambao walikuwa hawajapita. Hakuna aliyewapa somo lenye kichwa cha habari "usiombe ruhusa". Walikuwa wamejifunza kwa kusimama pale na kuona haiombwi. Ilipofika Aprili 2024 serikali ya Marekani ilitoa mwongozo unaozitaka hospitali kupata idhini ya mgonjwa kwa maandishi kabla ya uchunguzi wa namna hiyo kufanywa kwa ajili ya mafunzo.

Jambo la kutisha katika habari hii ni kwamba wanafunzi hao hawakuwa waovu. Walikuwa wakijifunza kuwa madaktari, na walijifunza vizuri.

Fundi na mwanagenzi

Nadharia inayotumiwa sana leo kueleza mafunzo ya namna hii haikuzaliwa hospitalini. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani mjini Monrovia, Liberia, akitazama jinsi wanagenzi wanavyojifunza. Aliona kwamba hawaanzi na kukata kitambaa, maana anayekosea kukata ameharibu kitambaa cha watu. Huanza mwishoni: kushona vifungo, kupiga pindo, kupiga pasi. Kwa njia hiyo mwanagenzi huiona nguo nzima kabla ya kuukabidhiwa mkasi. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walichapisha nadharia yao, kwamba kujifunza ni kuingia katika jamii ya watenda kazi kutoka pembezoni, kwa idhini ya waliomo, na kusogea taratibu kuelekea katikati.

Yeyote aliyewahi kulazwa katika hospitali ya mafunzo atautambua utaratibu huo. Mwanafunzi hutumwa kupeleka damu maabara, kutafuta picha ya eksirei iliyopotea, kushika taa, kuandika faili. Baadaye anaruhusiwa kutoa damu, kisha kuweka dripu, kisha kushona kidonda kidogo, kisha kuzalisha huku mkunga mzoefu akiwa pembeni. Kila hatua ina mtu anayesema "haya, fanya wewe". Madaktari wengi husahau walichosomeshwa mwaka wa 2, lakini humkumbuka aliyewaambia maneno hayo kwa mara ya kwanza, na aghalabu mtu huyo alikuwa muuguzi.

Nadharia hii ina upande mwingine ambao hautajwi sana. Anayesogea kutoka pembezoni aweza kusukumwa arudi pembezoni. Mwanafunzi anayetukanwa mbele ya mgonjwa kwa kukosa jibu hujifunza kuficha asichokijua. Tabia hiyo akienda nayo hadi utarajalini, anayelipa si yeye.

Blantyre: wodi isiyo na glavu

Ikiwa mtu huwa daktari kwa kushiriki kazi ya mahali fulani, basi mahali penyewe pana neno. Tafiti zilizotajwa hadi hapa zilifanywa karibu zote katika nchi tajiri, ambako mwanafunzi akiagiza kipimo kinafanyika. Je, inakuwaje pale ambapo kipimo hakipo?

Swali hilo lilimpeleka Malawi Claire Wendland, Mmarekani ambaye ni daktari wa magonjwa ya wanawake na pia mwanaanthropolojia. Chuo cha tiba cha Malawi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1991. Kabla ya hapo Wamalawi walisomea udaktari ng'ambo, na wengi wao hawakurudi. Chuo hicho, ambacho tangu mwaka 2021 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kamuzu, hufundishia katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre. Kitabu cha Wendland, kilichotoka mwaka 2010, kinaeleza aliyoyaona.

Katika miaka ya mwanzo wanafunzi wa Blantyre walifanana na wenzao wa kwingineko. Walisoma vitabu vile vile na kuota mashine zile zile. Kisha waliingia wodini. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, wengine wakilala sakafuni. Glavu zilikwisha, dawa zilikwisha, na mgonjwa ambaye kitabu kilisema atapona alifariki dunia kwa kukosa kitu cha bei ndogo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba udaktari ni sayansi na vifaa alijikuta na sayansi bila vifaa. Alikuwa bado daktari, au alikuwa shahidi tu wa vifo?

Kwa mujibu wa nadharia za Kansas na Philadelphia, mtu angetarajia wanafunzi hao wawe wagumu wa moyo kuliko wote. Wendland aliona jambo jingine. Wapo waliopanga kuondoka nchini, na hakuwalaumu. Lakini wengi walianza kuueleza udaktari kwa lugha ya moyo: daktari wa kweli ni yule mwenye upendo kwa wagonjwa, anayebaki nao hata pale asipokuwa na cha kuwapa. Wengine waligeukia siasa, wakisema kwamba mgonjwa wao hakuuawa na kijidudu peke yake bali na umaskini na maamuzi ya wakubwa, na kwamba kulisema hilo hadharani ni sehemu ya kazi. Na kila siku walijifunza ufundi ambao haumo vitabuni, ule wa kutafuta, kuazima na kubuni mbadala.

Isifikiriwe kwamba uhaba ni mwalimu mwema. Uhaba unaua wagonjwa, na unawachosha madaktari hadi wengine wanaacha kazi. Lililo muhimu katika kazi ya Wendland ni kwamba ukavu wa moyo, ambao wasomi walikuwa wamezoea kuuona kama bei isiyoepukika ya kuwa daktari, haukuonekana kuwa hivyo Blantyre. Basi huenda hauepukiki hata kidogo kule ulikozoeleka.

Lugha mbili katika mdomo mmoja

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ipo kazi nyingine ambayo mwenzake wa Kansas hakuwa nayo. Masomo yake yote ni kwa Kiingereza. Mgonjwa wake, hasa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, anazungumza Kiswahili, na wengine wanazungumza lugha zao za nyumbani peke yake. Mchana kutwa mwanafunzi huvuka daraja hilo. Anayemwita mgonjwa "kesi ya shinikizo la damu" mbele ya mkufunzi wake humgeukia mgonjwa huyo huyo na kumwambia presha imepanda. Kijana wa kiume humwuliza mwanamke wa rika la mama yake habari za siku zake na haja ndogo, na katika kutafuta neno lenye staha hugundua kwamba chuo kilimfundisha majina yote ya viungo isipokuwa yale yanayoweza kutamkwa.

Mfano mzuri ni ugonjwa wa degedege. Kila mtoto aliyekulia pwani amelisikia neno hilo. Ni ile hali ya mtoto mdogo kukakamaa, macho kugeuka na mwili kutetemeka, na imani za kale huihusisha na shetani au ndege. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo humpeleka kwanza kwa mganga wa jadi. Darasani mwanafunzi hujifunza kwamba mtetemeko huo waweza kusababishwa na homa kali au na malaria iliyopanda kichwani, na kwamba mtoto mwenye malaria kali anahitaji sindano ya artesuneti bila kuchelewa. Kile ambacho mama anakiogopa ndicho ambacho kingemwokoa mtoto.

Mwanafunzi aliyesimama hapo ana elimu zote mbili. Nyumbani aliambiwa na bibi yake, chuoni aliambiwa na profesa. Akisema "hizo ni imani potofu", atakuwa amejitenga na bibi yake na kuonekana msomi, na mama atanyamaza, na huenda akaondoka na mtoto. Akisema "mama, hiyo degedege tunaijua, na hapa ina dawa", atakuwa amelitumia neno la mama kulifikisha jambo la profesa. Hakuna mtihani unaopima kauli hiyo ya pili. Lakini hapo ndipo panapoonekana amekuwa daktari wa namna gani.

Jina na hadhi

Utambulisho haujengwi moyoni mwa mwanafunzi peke yake. Jamii nayo sharti itie muhuri. Historia ya Makerere ni ushahidi. Mafunzo ya tiba yalianza huko Kampala mwaka 1924, lakini kwa miongo mingi chini ya ukoloni wahitimu wake Waafrika waliajiriwa kama wasaidizi wa madaktari wa Kizungu, kwa vyeo vya chini na mishahara midogo, ijapokuwa wagonjwa walitibiwa na mikono yao. Ilikuwa mwaka 1957 ndipo Baraza Kuu la Tiba la Uingereza lilipoitambua sifa yao. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi mapambano hayo ya kutambuliwa yalivyowajenga kuwa kundi lenye fahari na mshikamano wa pekee.

Wanawake walikuwa na pambano la ziada. Josephine Nambooze wa Uganda, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuwa daktari, alisoma Makerere katika miaka ya 1950. Leo wasichana ni wengi katika vyuo vya tiba, lakini mwanafunzi wa kike bado huitwa "sista" au "nesi" na mgonjwa ambaye dakika moja baadaye atamwita kaka mhudumu wa usafi "daktari". Si tusi kuitwa muuguzi. Tatizo ni kwamba yeye hulazimika kujitambulisha upya kila asubuhi, ilhali mwenzake wa kiume hupewa cheo hata kabla hajakistahili.

Koti jeupe nalo lina historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Mchoraji wa Marekani Thomas Eakins aliwachora madaktari wa upasuaji mwaka 1875 wakiwa na makoti meusi, kama watu waliokwenda mazikoni. Alipochora tena mwaka 1889, walikuwa wamevaa meupe. Katikati hapo elimu ya vijidudu ilikuwa imeenea, na weupe ukawa alama ya usafi na sayansi. Sherehe ya kumvisha mwanafunzi koti hilo ni mpya zaidi: ilianzishwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa juhudi za Daktari Arnold Gold, aliyeona si haki mtu aape siku ya kuhitimu baada ya kukaa na wagonjwa kwa miaka. Sherehe hiyo imeenea duniani, na baadhi ya vyuo vya Afrika Mashariki navyo huifanya.

Katika sherehe hizo hutajwa sana neno wito. Ni neno zuri, na pia ni neno la hatari, kwa kuwa mwenye wito huombwa avumilie. Nchini Kenya madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei 2024, na moja ya sababu kubwa ilikuwa watarajali: serikali ilipendekeza walipwe shilingi 70,000 kwa mwezi, wakati makubaliano ya mwaka 2017 yalitaja takriban shilingi 206,000. Waliohojiwa mitaani waligawanyika. Wapo waliosema daktari hawezi kumwacha mgonjwa, na wapo waliouliza kama kiapo kinalipa kodi ya nyumba. Azimio la Geneva, kiapo kilichotungwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kuwahudumia wengine vizuri. Ilichukua karibu miaka 70 kulitaja hilo.

Kwa Waafrika Mashariki walioko ughaibuni muhuri huo hutiwa mara mbili. Daktari aliyefanya kazi miaka 10 Dar es Salaam au Mombasa akifika Uingereza hufanya mitihani upya, na wodini huelekezwa na watu wadogo kwake. Huko hukuta pia kwamba habari ya ugonjwa mbaya huambiwa mgonjwa mwenyewe kwanza, si kaka yake mkubwa au mjomba. Anachojifunza si tiba mpya, maana moyo na mapafu ni yale yale. Anajifunza kuwa daktari wa watu wengine, akiwa bado ni daktari wa watu wake kila simu inapoingia usiku kutoka nyumbani ikiuliza habari ya kidonda cha shangazi.

Namna ya kumpima

Vyuo vimeanza kulichukulia suala hili kwa uzito. Mwaka 2010 ripoti ya taasisi ya Carnegie ya Marekani ilitaka ujenzi wa utambulisho uwe miongoni mwa malengo makuu ya elimu ya tiba. Katika chuo cha McGill mjini Montreal, Richard na Sylvia Cruess, mume na mke, waliongoza kundi lililoandika mwaka 2014 kuhusu jinsi ya kuupanga mtaala kwa lengo hilo. Miaka 2 baadaye walirekebisha piramidi maarufu ya George Miller ya mwaka 1990, inayopima mwanafunzi kwa ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anatenda. Juu kabisa waliongeza ngazi ya 5. Kwa Kiswahili ni neno lenye herufi mbili: ni. Yaani, ni daktari.

Ugumu ni jinsi ya kuitahini ngazi hiyo. Vyuo vingi huwataka wanafunzi waandike daftari la tafakuri: ulijisikiaje mgonjwa wako wa kwanza alipofariki, ulifanya nini mkubwa wako alipokosea. Lakini yule mwanafunzi mjanja wa Kansas bado yupo. Akigundua kwamba machozi yana alama, ataandika machozi. McGill wamejaribu kulikwepa tatizo hilo kwa njia ya zamani kuliko mitihani: kila kikundi cha wanafunzi wachache hupewa daktari mmoja mzoefu awe mlezi wao, na daktari huyo hukaa nao kwa miaka yote 4, tangu wanapoingia hadi wanapotoka.